Ludwig Guttmann

Ludwig Guttmann (Tost, Silesia, 3 Julai 1899 – Aylesbury, Uingereza, 18 Machi 1980) alikuwa daktari bingwa wa neva, Myahudi mzaliwa wa Ujerumani ambaye baadaye alipata uraia wa Uingereza. Anajulikana zaidi kama mwanzilishi wa michezo ya Paralimpiki. Hata hivyo, kabla ya michezo hiyo alibadilisha matibabu ya watu waliopooza kutokana na kuumia uti wa mgongo, hasa utunzaji wa kibofu cha mkojo.

Maisha ya awali

Guttmann alikulia Königshütte, mji wa migodi ya makaa ya mawe ambao leo uko Poland na huitwa Chorzów. Mwaka 1917, akiwa mhudumu wa kujitolea hospitalini, alimwona mchimba makaa kijana aliyeletwa akiwa amevunjika uti wa mgongo. Madaktari walimhesabu kuwa mtu wa kufa tu. Baada ya wiki chache alifariki kwa maambukizi yaliyoenea mwilini. Guttmann hakukisahau kisa hicho maisha yake yote.

Alianza masomo ya udaktari mwaka 1918 huko Breslau, akapata shahada mwaka 1924. Kisha alifanya kazi chini ya Otfrid Foerster, bingwa wa neva aliyekuwa na sifa kubwa Ulaya.

Kuhamia Uingereza

Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, madaktari Wayahudi walikatazwa kufanya kazi katika hospitali za umma. Guttmann alihamia Hospitali ya Kiyahudi ya Breslau, ambako alipata kuwa mkuu wa madaktari. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, Wayahudi waliposhambuliwa kote nchini, aliagiza kila aliyekuja hospitalini apokelewe. Kesho yake alitetea ugonjwa wa kila mmoja mbele ya askari, na watu 60 kati ya 64 waliopokelewa waliepuka kupelekwa kambini. Mwezi Machi 1939 alifika Oxford pamoja na mke wake Else na watoto wao wawili.

Kazi Stoke Mandeville

Tarehe 1 Februari 1944 serikali ya Uingereza ilifungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na Aylesbury. Guttmann aliwekwa kuwa mkuu wake. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wengi waliopooza kwa namna hiyo walifariki katika miezi au miaka ya mwanzo. Sababu kuu zilikuwa mbili: vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo.

Dhidi ya vidonda, aliagiza wagonjwa wageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Mwenyewe alipita wodini hata usiku wa manane kuhakikisha jambo hilo linafanyika.

Utunzaji wa kibofu

Neva zinazoongoza kibofu hupita ndani ya uti wa mgongo. Zikikatika au kubanwa, mgonjwa hahisi tena kwamba kibofu kimejaa, wala hawezi kukimwaga apendavyo. Mkojo unaobaki ndani huzalisha vijidudu na mawe, na shinikizo lake linaweza kuurudisha juu na kuharibu figo.

Zamani mgonjwa aliwekewa mpira wa mkojo na kuachiwa ndani kwa muda mrefu, au alitobolewa tumbo chini ya kitovu ili mkojo utoke. Njia zote mbili zilifungulia vijidudu mlango. Guttmann alichagua kuingiza mpira mara kadhaa kwa siku, kumwaga mkojo, na kuutoa mara moja. Kazi hiyo ilifanywa na madaktari kwa vifaa vilivyotakaswa, bila mkono kugusa sehemu inayoingia mwilini. Mwaka 1966 yeye na Hans Frankel walichapisha matokeo ya wagonjwa 476. Zaidi ya nusu yao walitoka hospitalini wakiwa na mkojo usio na vijidudu.

Udhaifu wa njia hiyo ulikuwa gharama: ilihitaji madaktari wengi na vifaa vingi. Mwaka 1972 Mmarekani Jack Lapides alionyesha kwamba mgonjwa anaweza kujiingizia mpira mwenyewe, mradi mikono na mpira viwe safi, hata kama havikutakaswa kabisa. Hapo huduma iliyoanzia wodini iliweza kufika nyumbani.

Michezo

Guttmann alitumia michezo kama sehemu ya tiba. Tarehe 29 Julai 1948, siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya London, wagonjwa 16 walishindana Stoke Mandeville kwa upinde na mishale. Mwaka 1960 wanamichezo wapatao 400 walikutana Roma. Kenya na Uganda zilishiriki mara ya kwanza Heidelberg mwaka 1972, na Tanzania huko Barcelona mwaka 1992.

Urithi Afrika Mashariki

Katika pwani ya Tanzania watu huumia uti wa mgongo kwa ajali za barabarani na kwa kuanguka kutoka kwenye minazi na miembe. Pia wako watoto wanaozaliwa na mgongo wazi, ambao wengi wao wana tatizo hilohilo la kibofu. Kutoka Bagamoyo hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, ni mwendo wa kilomita 70 hivi. Lakini baada ya matibabu mgonjwa hurudi nyumbani, na utunzaji wa kibofu hubaki mikononi mwake na mwa jamaa zake: maji safi, sabuni, mpira wa mkojo na kufuata saa.

Guttmann alipewa cheo cha Sir mwaka 1966. Alifariki miezi michache baada ya kupatwa na mshtuko wa moyo.