Gunpei Yokoi, fundi aliyechagua betri kuliko rangi

Mtu wa Kasekese akitaka kununua simu, swali lake la kwanza huwa chaji inakaa siku ngapi. Kamera na urembo vinafuata baadaye. Fundi mmoja wa Japani aliuliza swali hilohilo kuhusu mashine ndogo za gemu zinazoshikwa mkononi, akawashinda wapinzani waliokuwa na vifaa vya kupendeza kuliko chake.

Gunpei Yokoi alizaliwa mwaka 1941 mjini Kyoto. Alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, na mwaka 1965 akaajiriwa na Nintendo, ambayo wakati huo ilijulikana kwa kutengeneza karata. Kazi yake ilikuwa kutunza mitambo ya kiwandani. Kwa kuwa muda ulikuwepo, akajitengenezea mkono wa kuchezea, unaorefuka na kushika kitu cha mbali. Bosi wake, Hiroshi Yamauchi, akauona. Kwingine angefukuzwa kazi, lakini hapa aliambiwa autengeneze uuzwe. Ulitoka mwaka 1966, ukauzwa zaidi ya milioni moja.

Baadaye, akiwa kwenye treni, alimwona abiria akipoteza muda kwa kubonyezabonyeza kikokotoo. Wazo la gemu ya mfukoni likaanzia hapo, na mwaka 1980 ikatoka Game & Watch, gemu yenye saa ndani yake. Mwaka 1982 toleo mojawapo liliwekewa kitufe cha umbo la msalaba, cha kwenda juu, chini, kushoto na kulia. Angalia padi za kwenye mabanda ya gemu mjini, utakikuta hadi leo.

Kisha ukafika mwaka 1989, na ushindani wenyewe. Yokoi na wenzake walitoa Game Boy. Kioo chake hakikuwa na taa wala rangi, ni vivuli vinne tu vya kijani kilichofifia. Mwaka huohuo Atari wakaleta Lynx, yenye rangi na taa nyuma ya kioo. Mwaka 1990 Sega nao wakaja na Game Gear, nayo ya rangi. Ukizipanga mezani zote tatu, Game Boy ilionekana kama ndugu maskini.

Sasa tuhesabu betri, zile ndogo za saa ya ukutani. Game Boy ilitumia 4 na kucheza saa 15 au zaidi. Lynx na Game Gear zilikula 6, zikazima baada ya saa 4 au 5 hivi. Mtoto anayecheza saa mbili kwa siku angenunua betri kila baada ya siku mbili, na anayelipa ni mzazi. Sababu kubwa ilikuwa taa ya kioo. Hata simu yako ukiipunguza mwanga, chaji inadumu. Tena Marekani Lynx iliuzwa karibu dola 180, Game Boy dola 90.

Yokoi aliamini kifaa cha zamani, cha bei nafuu na kilichozoeleka kinaweza kuzaa kitu kipya. Tusimpe sifa zote peke yake, maana gemu ya Tetris nayo iliivuta Game Boy sana. Hata hivyo, pamoja na mdogo wake wa rangi wa mwaka 1998, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear iliishia karibu milioni 10.

Naye alianguka. Virtual Boy ya mwaka 1995, ya kuchungulia picha nyekundu, ilikataliwa na wanunuzi. Mwaka 1996 akaondoka Nintendo na kuanzisha kampuni yake, Koto. Tarehe 4 Oktoba 1997 gari alilokuwemo liligongana na jingine barabarani. Aliposhuka, akagongwa na gari lililokuwa likipita. Alikuwa na miaka 56.

Mashine aliyokuwa akiisaidia kampuni ya Bandai, WonderSwan, ilitoka mwaka 1999 bila yeye kuiona. Ilitumia betri moja tu, na ilicheza zaidi ya saa 30.