Honus Wagner Aliyeikataza Sura Yake Kuuza Sigara

Katika picha zote za zamani zilizotiwa rangi nilizopata kuzitazama, hapana iliyonishughulisha kama ya Honus Wagner. Ni ndogo, urefu wake haufiki inchi 3. Utamwona mtu wa mabega mapana, shati la kijivu lenye jina la mji wa timu yake kifuani, na nyuma yake rangi ya machungwa.

Marehemu huyu alizaliwa mwaka wa 1874 huko Pennsylvania, Marekani, kwa wazazi waliotoka Ujerumani. Alipofika miaka 12 aliacha shule akaingia kuchimba makaa ya mawe. Kilichomtoa mgodini ni besiboli, mchezo wa gongo na mpira mdogo ambao huku kwetu hauna wenyewe. Alikuwa na matege, ukimwona humdhanii mchezaji. Lakini mara 8 aliwashinda wenziwe wote wa ligi yake kwa kupiga mpira, na mwaka wa 1909 timu yake ya Pittsburgh ilitwaa ubingwa.

Mwaka huo huo kampuni ya American Tobacco ilianza kutia picha za wachezaji ndani ya pakiti za sigara. Ya Wagner ilitokana na picha isiyo na rangi iliyopigwa na Carl Horner wa Boston. Mafundi waliichora upya kwa ajili ya chapa, wakaitia rangi moja baada ya nyingine, nayo ikapendeza. Watoto walizipenda mno picha hizi.

Wagner alikataa. Yasemwa hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya sura yake. Wapo wabishi wasemao alitaka kulipwa tu, kwani mwenyewe alitafuna tumbaku, na jina lake lilikwisha kuuzia biri zamani. Mimi hoja hiyo hainitoshi. Hebu tuwakumbuke wazee wetu, tumbaku ya tambuu mdomoni, wakitukanya tusiiguse. Je, walikuwa waongo? Tena, gazeti moja la mwaka wa 1912 lilieleza kuwa mwandishi mmoja aliahidiwa dola 10 akiipatia kampuni idhini ya Wagner. Wagner alimnyima idhini, kisha akampelekea hundi yake mwenyewe ya dola 10 ili asipate hasara. Mwenye uchu wa fedha hafanyi hivyo.

Kampuni ikaacha kuichapa, zikiwa zimekwisha kutoka chache. Zijulikanazo leo ni kama 60 hivi.

Wagner alicheza hadi mwaka wa 1917, na kuanzia mwaka wa 1933 akawafunza vijana wa Pittsburgh kwa miaka mingi. Alifariki Desemba 1955, mwenye umri wa miaka 81. Mwaka wa 2022 picha moja katika zile iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Igeuze nyuma, utakuta tangazo la sigara.