Paroko wa Ars na Kijiji Chake

Kiasi cha kilomita 35 kaskazini ya mji wa Lyon, nchini Ufaransa, kuna kijiji kiitwacho Ars. Nchi ile ni tambarare, yenye udongo wa mfinyanzi na mabwawa mengi, na wakati wa baridi ukungu huifunika hata njia zisionekane. Mwezi Februari 1818 alifika huko kwa miguu Padre Jean-Marie Vianney, ambaye Wakristu wetu humwita Yohane Maria Vianney. Alikuta kanisa dogo, nyumba chache za udongo, watu wapatao 230, na vilabu vinne vya pombe.

Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa wakulima. Alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 huko Dardilly, akachunga kondoo na kulima. Mapinduzi yalipoyafunga makanisa, alipokea Komunyo ya kwanza kwa siri nyumbani mwa watu. Alianza masomo akiwa kijana mkubwa. Kilatini kikamshinda, akaondolewa seminarini. Lakini Padre Balley, paroko wa Écully, hakumkatia tamaa. Alimfundisha mwenyewe, hata akapadirishwa Grenoble tarehe 13 Agosti 1815.

Watu wa Ars hawakuwa wabaya kuliko wengine. Miaka ya Mapinduzi iliwaacha bila mafundisho. Wakalima siku ya Dominika, na jioni wakanywa na kucheza. Paroko mpya aliwatembelea nyumbani na mashambani, akazijua shida zao. Alifunga, akala viazi vilivyopoa, akakesha akiwaombea. Mwaka 1824 alifungua shule ya wasichana, ambayo baadaye ililea pia mayatima. Vilabu vikafungwa kimoja kimoja. Kisha zikahitajika nyumba za kulaza wageni, maana watu walimjia kwa makumi ya maelfu kila mwaka ili kuungama, naye aliweza kukaa katika kiti cha kitubio saa 16 kwa siku.

Tusidhani kwamba mambo hayo yalikuwa mepesi kwake. Alijiona hastahili kuchunga roho za watu, akatamani kujificha katika monasteri. Mwaka 1843 alitoroka usiku kwenda kwao Dardilly; watu wakamfuata, akarudi. Mwaka 1853 alijaribu tena. Kengele zikapigwa, wanakijiji wakamzuia, naye akarudi kanisani kuungamisha.

Alifariki huko Ars tarehe 4 Agosti 1859, mwenye umri wa miaka 73, baada ya kukitumikia kijiji hicho kimoja miaka 41. Baba Mtakatifu Pius XI alimtangaza Mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1929 akamweka kuwa msimamizi wa maparoko.

Huenda yuko mwalimu, mwuguzi au katekista aliyepelekwa mahali pasipo na sifa, naye anahesabu siku za kuondoka. Amkumbuke paroko huyu, aliyechoka kama yeye. Nasi, wasomaji wapenzi, tuwakumbuke wanakijiji wa Ars walioamka usiku kumzuia mchungaji wao. Anayetutumikia akichoka, je, yuko miongoni mwetu atakayeamka?