Mvuvi wa Mto Lea na Mtoto wa Kulamawe

Huenda mwanafunzi wa Kulamawe, katika nchi kame ya Isiolo, akamjua samaki vitabuni kabla ya kumwona kwa macho. Ana haja gani basi na maisha ya mvuvi wa Uingereza? Kwa maoni yangu, anayo haja kubwa.

Izaak Walton alizaliwa Stafford mwaka wa 1593, akafiwa na babake angali mdogo. Hakusoma chuo kikuu. Alikwenda London kujifunza biashara ya nguo. Alipopata nafasi aliuendea mto Lea, uliopitisha mashua za nafaka. Huko Waltham Abbey, mwaka wa 1577, palikuwa pamejengwa chumba cha maji chenye malango, ambamo mashua ilipandishwa na kushushwa kwa kuongeza na kupunguza maji. Walton alivua kwa mshipi na chambo. Hakumdharau samaki yeyote. Alichunguza kila mmoja hula nini, hujificha wapi na hutoka majira gani.

Dunia haikumwonea huruma. Watoto saba aliozaa na mke wake wa kwanza walifariki wote wangali wachanga au wadogo, na mke mwenyewe alifariki mwaka wa 1640. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka mwaka wa 1642, na mwaka wa 1649 mfalme aliyemuunga mkono akakatwa kichwa. Katika huzuni hiyo aliandika The Compleat Angler, kitabu cha mazungumzo juu ya uvuvi, kilichotoka mwaka wa 1653. Alikirekebisha hadi chapa ya tano, mwaka wa 1676. Alifariki Winchester mwaka wa 1683 akiwa na miaka 90, na kitabu chake kingali kinasomwa.

Ndugu mwalimu, mtoto wa mfugaji angojaye zamu ya mifugo kisimani hahitaji kufunzwa subira na Mwingereza. Anachohitaji ni kujua kwamba ayajuayo yanastahili kuandikwa: malisho, ngamia, visima na dalili za mvua. Walton hakuwa na shahada. Alikuwa na macho, masikio na kalamu. Macho na masikio mtoto wa Kulamawe anayo tayari. Kalamu imo mkononi mwako. Mpe, kabla wazee hawajaondoka na elimu yao.