Koch, Malale na Macho ya Watu wa Sese

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana, niliuliza darasa la baiolojia Robert Koch ni nani. Wakanijibu kwa pamoja kuwa ndiye aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu. Basi, wakaishia hapo. Siwalaumu, hata mimi ningejibu hivyo hivyo, maana ndivyo desa lilivyotufundisha. Lakini mimi natokea Nshambya, Bukoba mjini, na mzee huyu alifanya kazi kwenye ziwa letu hili hili. Wanachuo wenzangu, tumsome vizuri kidogo.

Koch alizaliwa mwaka 1843 huko Clausthal, Ujerumani, mji wa wachimba madini. Alisomea udaktari, akapangiwa wilaya ya pembezoni, mbali na maabara kubwa. Huko huko, akitumia hadubini yake na panya wachache, alionyesha mwaka 1876 kwamba kimeta kinaletwa na kijidudu maalumu. Tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya wenzake Berlin akaeleza kijidudu cha kifua kikuu. Ndiyo maana tarehe hiyo dunia nzima inaadhimisha Siku ya Kifua Kikuu.

Kabla ya hapo watu walisema kifua kikuu ni cha ukoo, wengine wakasingizia hewa mbaya. Koch akasema hapana, kila ugonjwa wa namna hii una mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuonekana. Hiyo ni kazi kubwa, hakuna wa kumnyang'anya.

Ila mwaka 1890 alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu. Aliiita tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin. Dawa haikuponya, na wengine hali zao zilizidi kuwa mbaya. Leo tuberkulini inatumika kupima tu. Hapo tunaona tabia yake moja: akishamwona adui, anakuwa na haraka ya kutangaza ushindi.

Kwetu Kagera jina lake linaingia mwaka 1898. Kiziba, kaskazini ya Bukoba, kulikuwa na ugonjwa uliokuwa unaua watu. Wenyeji walishajua kwamba panya wakianza kufa ndani ya nyumba, zamu ya watu imefika. Sampuli zililetwa Dar es Salaam, Koch akazipima, akathibitisha kuwa ni tauni.

Mwaka 1905 alipata Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka zaidi ya sitini, alirudi Afrika Mashariki kwa ajili ya malale. Wakati huo malale ilikuwa imeua watu zaidi ya laki mbili upande wa Uganda. Alianzia kwenye eneo la Wajerumani, kisha akahamia visiwa vya Sese kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi zaidi huko.

Sasa malale inafanya nini mwilini? Mbung'o akikuuma anaingiza vimelea kwenye damu. Mwili unatengeneza kinga dhidi yao, lakini vimelea wanabadilisha gamba lao la nje, kwa hiyo kinga ile inakuwa haiwatambui tena. Mwili unaanza upya, wao wanabadilika tena. Homa inakuja na kuondoka, tezi za shingo zinavimba. Hali hii inaweza kuendelea miezi, hata miaka. Baadaye vimelea wanaingia kwenye ubongo, na saa ya ndani ya mwili inaharibika. Mgonjwa anasinzia mchana na kukesha usiku. Tabia yake inabadilika, hatua zake zinayumba, anashindwa hata kula, na mwisho anakufa. Yaani kimelea kidogo kinavuruga kinga kwanza, kisha usingizi, kisha akili.

Dawa aliyokuja nayo Koch iliitwa atoksili, na ilikuwa na arseniki ndani yake. Alihudumia wagonjwa zaidi ya elfu moja. Mwanzoni matokeo yalimfurahisha: ukipima tezi, vimelea hawaonekani, na baadhi ya watu waliokuwa hoi wakainuka. Lakini baada ya muda vimelea walirudi. Koch akaongeza dozi. Hapo ndipo wagonjwa walipoanza kulalamika macho. Arseniki ilikuwa inaua neva inayopeleka picha kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo, na neva hiyo ikifa haioti tena. Watu zaidi ya ishirini walipofuka moja kwa moja. Koch aliacha dozi kubwa, ila kwao ilikuwa too late kama tunavyosema mtaani, maji yameshamwagika.

Mwaka 1907 kambi ya malale ilifunguliwa Kigarama, kule kule Kiziba, chini ya daktari aliyekuwa kwenye msafara wake. Atoksili iliendelea kutumika. Wagonjwa wengi walizitoroka kambi hizo. Mtu ukisoma haraka haraka unaweza kusema ni ujinga. Lakini ukiumwa sindano, ukaona jirani yako aliyekuja na miguu yake sasa anashikwa mkono kupelekwa chooni, wewe ungebaki?

Koch alirudi Berlin mwaka huo huo 1907. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden kwa ugonjwa wa moyo, na majivu yake yamehifadhiwa kwenye taasisi yenye jina lake. Majina ya waliopofuka Sese hayasomwi kwenye baiolojia ya kidato chochote.

Kwa nini nayasema haya? Nina mjomba wangu pale Nshambya. Nilipokuwa shule ya msingi aliugua kifua kikuu mara ya pili, akachomwa sindano kila siku kwa miezi miwili. Alipona. Makohozi yalipopimwa hayakuwa na kijidudu hata kimoja, na familia nzima tulishukuru. Lakini katikati ya dozi masikio yake yalikuwa yameanza kuvuma. Hakusema, alidhani ni uchovu. Na hakuna aliyemuuliza. Leo ukimwamkia shikamoo kwa nyuma hageuki. Jioni anakaa na wenzake kwenye lubisi, anacheka wanapocheka, ila najua hasikii mzaha wenyewe.

Simwiti Koch mtu mbaya. Bila yeye huenda mjomba asingejulikana anaumwa nini, na angekufa. Kosa ninaloliona ni kuhesabu kupona kwa kitu kimoja tu, kwamba kijidudu hakionekani kwenye hadubini. Ugonjwa ni kuvurugika kwa kazi za mwili, na dawa nayo inaweza kuvuruga. Mtu wa Sese alitaka vimelea watoke, ndiyo, lakini alitaka pia aone njia ya kwenda kuvua.

Nikirudi darasani nitachora safu mbili ubaoni: ugonjwa umeharibu nini, na tiba imeharibu nini. Wanafunzi wajaze zote mbili. Na wewe unayesoma hapa, kama wewe au mwenzako wa chumbani yuko kwenye dozi yoyote ndefu, masikio yakivuma au macho yakififia usisubiri semista iishe. Usiache dawa kimya kimya, lakini nenda kamwambie daktari siku hiyo hiyo. Asipokuuliza, mwambie hivyo hivyo.