Clarence Jordan, Mkulima Aliyewajengea Maskini

Mwezi huu twapenda kuwasimulieni habari za mtu wa Marekani ambaye kazi yake ilifika hata kwetu Afrika, ingawa yeye mwenyewe hakujaliwa kuiona.

Clarence Jordan alizaliwa Talbotton, katika jimbo la Georgia, tarehe 29 Julai 1912. Alikuwa Mzungu wa jamaa yenye uwezo, lakini tangu utoto alisikitika kuwaona jirani zake Weusi wakilima mashamba ya wengine bila kupata hata kibanda cha kujivunia. Kwa hiyo alisomea kilimo, akahitimu mwaka 1933. Kisha aliona elimu ya udongo peke yake haitoshi, akaenda Louisville kusoma Agano Jipya kwa Kiyunani, hata akapata shahada ya udaktari.

Mwaka 1942, yeye na mkewe Florence, pamoja na mmisionari mmoja aliyetoka Burma na mkewe, walianza maisha katika shamba la ekari 440 karibu na mji wa Americus. Waliliita Koinonia, maana yake ushirika. Hapo Weusi na Weupe walifanya kazi pamoja na kula meza moja. Jambo hilo lilikuwa chukizo kubwa huko siku zile. Mwaka 1950 kanisa la jirani liliwafukuza. Mwaka 1956 kibanda chao cha kuuzia mazao barabarani kililipuliwa kwa baruti, na wenye maduka mjini wakawasusia. Bwana Jordan hakuondoka. Walianza kuuza njugu zao kwa njia ya posta, wakaishi.

Mwaka 1968 alijiunga naye Millard Fuller, mwanasheria aliyekuwa tajiri akagawa mali yake. Wawili hao walikaa wakatafakari shida ya maskini, wakaona nyumba ndiyo haja kubwa. Walipima viwanja 42 shambani wakaanzisha mfuko. Fedha za mfuko zilitoka kwa marafiki, nyingine zawadi, nyingine mkopo usio na riba. Nyumba iliuzwa kwa gharama ya kuijenga tu, bila faida. Mwenye nyumba alilipa kidogo kidogo kila mwezi kwa miaka 20, wala hakutozwa riba, kama sheria ya kitabu cha Kutoka inavyoagiza. Na kila alicholipa kilirudi mfukoni kumjengea mwenzake.

Hebu tufikiri jambo hili. Wengi wetu tuliofundisha miaka thelathini na zaidi tulistaafu tungali tukilipa kodi ya chumba. Tukijumlisha kodi yote tuliyolipa, twaona tulikwisha nunua nyumba nzima, ila ni ya mtu mwingine. Bwana Jordan aliijua hesabu hiyo. Alijua pia ya kuwa maskini akipewa bure huona haya, lakini akilipa mwenyewe husimama mlangoni pake kama mtu.

Tarehe 29 Oktoba 1969, nyumba ya kwanza ikiwa bado kumalizika, moyo wake ulisimama ghafla akiwa katika kibanda chake cha kuandikia. Alikuwa na umri wa miaka 57. Alizikwa shambani katika sanduku la mbao tupu, na kaburi lake halikuwekewa alama.

Nyumba ilimalizwa, na nyingine zikafuata. Mwaka 1973 Bwana Fuller na jamaa yake walihamia Mbandaka, nchini Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko walijenga kwa mpango ule ule, katika ardhi iliyoachwa tupu zamani za ukoloni ili kutenga makao ya Wazungu na ya Waafrika. Waliporudi kwao mwaka 1976 walianzisha shirika la Habitat for Humanity, likaingia Kenya mwaka 1982 na Tanzania mwaka 1986. Familia nyingi katika nchi hizo zimelala chini ya bati lao wenyewe kwa sababu ya mfuko ule wa Georgia.

Sisi wazee hupenda kuona mwisho wa kila tulichoanza. Bwana Jordan hakuuona hata mwisho wa nyumba moja. Basi na tusikatae kuchimba msingi kwa sababu tu twaona jua linakuchwa.