Adrian Atiman, Mtoto Aliyekombolewa

Huko Lituhi, karibu na mahali mto Ruhuhu unapoingia katika Ziwa Nyasa, kama katika vijiji vingi vya nchi yetu, mtoto aliyefiwa na wazazi huchukuliwa na shangazi, au mjomba, au bibi aliyekwisha kulea wanawe. Desturi hiyo njema ya mababu twaisifu. Lakini si kila mtoto aliyechukuliwa amepokewa. Wako wanaotwaliwa kwa ahadi ya shule, kisha wakafanywa wachota maji na watumishi wa watoto wa mwenye nyumba. Kwa hiyo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya Adrian Atiman, tabibu wa Karema.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa mdogo aliibwa, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Aljeria. Wazee wa pwani ya Nyasa walizijua habari za namna hii, maana misafara iliyokwenda Kilwa ilichukua watoto wa kwao pia. Mwaka 1876 Mapadre Weupe walitoa fedha, wakamkomboa.

Hapo tutafakari kidogo. Mapadre hao walitoa fedha kama mnunuzi ye yote, na huenda mtoto mwenyewe siku ile hakuona tofauti. Tofauti ilionekana katika yaliyofuata. Mnunuzi angalimtaka kwa ajili ya nguvu za mikono yake. Mapadre walimtaka kwa ajili ya nafsi yake. Walimfundisha kusoma na kumjua Mungu, wala hawakumharakishia ubatizo, maana alibatizwa mwaka 1882, miaka sita baada ya kukombolewa. Tena Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alimpeleka kisiwani Malta pamoja na vijana wengine wa Kiafrika, wakasomee utabibu. Masomo yale yalichukua miaka mingi, na waliolipa gharama yake hawakutazamia kurudishiwa.

Mwaka 1889 Atiman alifika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, akiwa tabibu na katekista. Nchi ile haikuwa ya kwao, wala hakuwa na ndugu hapo. Alimwoa Agnes, binti wa mtawala wa Wabende, na mwana wao Joseph akawa padri. Aliwatibu watu hata uzeeni, akafariki huko huko Karema mwaka 1956, miaka 67 baada ya kufika. Hivyo yule aliyenyang'anywa baba na mama akawa baba wa nyumba, na watu ambao waliomkomboa hawakuwajua kamwe ndio waliopata faida ya malezi yake.

Basi, wazazi Wakristo, yatupasa kujipima. Mtoto wa marehemu ndugu yetu aliye nyumbani mwetu, je, hula pamoja na wenzake, au hungojea masazo? Daftari likikosekana, ni nani anayekosa kwanza? Akiugua usiku, huamshwa nani? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa malezi ya kambo na wa kuasili mtoto, nayo ni jambo jema. Lakini hakuna sheria iingiayo jikoni wakati wa kugawa ugali na usipa. Hapo hutawala dhamiri peke yake.

Wengine husema kwamba mtoto wa mwenzio hana shukrani, akikua huondoka. Na aondoke! Atiman naye aliondoka, akaenda mbali na waliomlea, na ndiyo maana Karema ilipata tabibu. Alezaye kwa kuhesabu malipo angali sokoni. Mwenye mtoto wa namna hiyo nyumbani na aanze leo jioni, kwa kumketisha penye sahani ile ile anayolia mwanawe.